Tenga Shaba na Alumini kwa Mkono, Si kwa Moto

Na Mganga Msaidizi wa Vijijini

Leo tutazungumza juu ya moshi. Si moshi wa kuni wa jikoni. Leo ni moshi mweusi wa nyaya za umeme.

Mwaka jana mama mmoja wa kijijini kwetu alimleta mtoto wake zahanati. Mtoto huyo ana miaka minne. Alikuwa anakohoa, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimsikiliza kifua, nikampa dawa. Baada ya wiki mbili mama akarudi. Mtoto anakohoa vile vile. Nikampa dawa tena.

Mara ya tatu mama hakungoja nimwulize. Alisema mwenyewe: "Dokta, mjomba wake akianza kuchoma nyaya jioni, mtoto hukohoa mpaka asubuhi."

Niliona haya. Mara mbili nilikuwa nimetibu kikohozi bila kuuliza kinatoka wapi.

Siku hiyo hiyo jioni nilikwenda nyumbani kwao. Nyuma ya jiko palikuwa na duara jeusi kwenye ardhi. Kuku walikuwa wanachakura pale pale. Mjomba wa mtoto ni kijana mwenye umri kama wangu. Aliishi Dar es Salaam miaka michache, akisukuma mkokoteni Kariakoo. Huko ndiko alikojifunza biashara ya vyuma chakavu. Alipofika kijijini alianza kununua redio mbovu, feni zilizokufa, mota na nyaya. Jioni huzichoma ili apate shaba iliyo ndani. Akipata kilo za kutosha huzipeleka mjini.

Sikuweza kumwambia aache. Fedha za shaba ndizo zilizonunua sare za shule za watoto wa nyumba ile. Ndizo zilizonunua bati. Nilimwambia tu kwamba moshi ule unamwumiza mtoto.

Alinijibu kwa upole: "Dokta, nimekuelewa. Lakini bila moto shaba haitoki. Wewe unajua njia nyingine?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilifundishwa malaria, kuhara, vidonda na uzazi. Nyaya sikufundishwa. Nilimwomba anipe muda nikaulize.

KUTOKA UPANGA MPAKA GEREZANI

Haukupita muda nikasafiri na mgonjwa kwenda Hospitali ya Muhimbili, iliyoko Upanga, Dar es Salaam. Mgonjwa alipopokelewa nilibaki na nusu siku. Nikaamua kwenda kujifunza.

Upanga ni mtaa wa nyumba za ghorofa. Ukutani utaona viyoyozi, yaani mashine za kupoza hewa ya chumba. Mashine hizo zikifa, hushushwa. Vijana wa mikokoteni huzinunua pamoja na friji na feni mbovu. Ukivuka Barabara ya Morogoro unaingia upande wa Kariakoo. Jina Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ya mwaka 1914 mpaka 1918. Mpaka leo Kariakoo ni mahali pa mizigo.

Kusini ya soko kuna Gerezani. Kwa miaka mingi eneo hilo limejulikana kwa mafundi wa vyuma. Ukifika utasikia nyundo kabla hujamwona fundi. Hapo nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, kiyoyozi kimefunguliwa mbele yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umeleta mzigo?"

"Sina mzigo, mzee. Nimeleta swali."

Nilimweleza habari ya kijana wetu. Mzee alicheka kidogo, kisha akasema: "Na mimi nilichoma, zamani. Nikaona moto unakula mali yangu, na kifua changu pia. Kaa hapa uone."

Nilikaa mpaka alasiri. Haya ninayowaeleza ni yale niliyoyaona kwa mzee yule, pamoja na yale ya afya niliyoyasoma baadaye.

KWA NINI TUTENGE?

Shaba ni metali nyekundu. Vijana wa kazi hii huiita kopa. Hupitisha umeme vizuri, ndiyo maana imo katika nyaya na mota. Alumini ni nyeupe na nyepesi. Sufuria zetu nyingi ni za alumini.

Bei zake si sawa. Katika miaka hii, kwenye soko la dunia, tani moja ya shaba imekuwa ikiuzwa zaidi ya mara tatu ya tani moja ya alumini. Basi tufanye hesabu ndogo. Tuseme kilo moja ya alumini ni fungu 1 la fedha, na kilo moja ya shaba ni mafungu 3. Una kilo 10 za vitu vilivyochanganyika: shaba kilo 4 na alumini kilo 6. Mnunuzi akikulipa zote kwa bei ya alumini, utapata mafungu 10. Ukizitenga utapata mafungu 12 ya shaba na mafungu 6 ya alumini. Jumla ni mafungu 18. Kwa hiyo kutenga kuna faida.

Tena kuna faida kwa anayeyeyusha. Alumini iliyochanganyika na metali nyingine haitoi kazi nzuri. Jambo hili tutalirudia tukifika kwenye sufuria.

JINSI YA KUZITAMBUA

Mzee alinionyesha njia nne. Hazihitaji mashine.

Ya kwanza ni sumaku. Sumaku hushika chuma. Haishiki shaba wala alumini. Basi anza kwa kuondoa chuma.

Ya pili ni tupa. Kwaruza kidogo. Ukiona wekundu mpaka ndani, hiyo ni shaba. Ukiona weupe, hiyo yaweza kuwa alumini. Usiamini rangi ya juu. Siku hizi kuna waya ambao juu una ngozi nyembamba ya shaba na ndani ni alumini. Vile vile baadhi ya mota zina waya wa alumini uliopakwa vanishi inayofanana na shaba. Tupa husema ukweli.

Ya tatu ni uzito. Chukua chupa ya lita 1. Ikijaa maji, maji hayo yana kilo 1. Kama chupa hiyo ingejaa alumini tupu, ingekuwa na kilo 2.7. Ingejaa shaba, ingekuwa na karibu kilo 9. Ingejaa risasi, ingezidi kilo 11. Basi vipande viwili vya ukubwa mmoja, shaba ni nzito mara tatu na zaidi kuliko alumini. Mkono uliozoea hauhitaji mizani.

Ya nne ni kukunja na kukata. Risasi ni ya kijivu, nzito, na laini kiasi kwamba ukucha huacha alama. Ukiona metali ya namna hiyo, usiikate wala usiiyeyushe. Risasi ni sumu. Tutaieleza hapa chini.

KIYOYOZI HUFUNGULIWAJE?

Nyuma ya kiyoyozi kuna kitu kinachofanana na rejeta ya gari. Ni mabomba membamba ya shaba yaliyopita ndani ya vibati vyembamba sana vya alumini, mamia kwa mamia. Hapo shaba na alumini zimekumbatiana. Ndipo watu wengi huwasha moto. Mzee yeye alifanya hivi.

Kwanza, alihakikisha gesi imetolewa na fundi wa friji, ambaye huivuta na kuiweka katika mtungi wake. Usikate bomba lenye gesi. Gesi ikitoka kwa nguvu hugandisha ngozi, na katika chumba kilichofungwa humnyima mtu hewa. Friji nyingine mpya zina gesi inayoshika moto. Gesi nyingine za zamani huharibu tabaka la hewa linalotukinga na jua kali. Ndiyo maana mataifa yalifanya Mkataba wa Montreal mwaka 1987 kuziondoa.

Pili, hakugusa kapasita. Hiki ni kikopo kidogo kinachotunza umeme. Chaweza kumpiga mtu hata kama mashine imechomolewa ukutani. Mwachie fundi wa umeme akiondoe.

Tatu, alivaa glavu nene, miwani na viatu vya kufunika mguu. Vile vibati hukata kama wembe.

Nne, alikata kwa msumeno wa chuma zile kona za mabomba zilizotokeza pande zote mbili. Hiyo ni shaba safi, akaiweka katika ndoo yake. Kisha alifungua vibao vya pembeni. Sumaku ilishika, basi hicho ni chuma. Ndoo nyingine.

Tano, alichukua kisu kigumu na nyundo, akapasua vibati kwa urefu katikati ya bomba na bomba. Baadaye alivibandua kwa koleo, safu kwa safu. Shaba ikabaki kama fimbo nyekundu. Alumini ikajaa kwenye gunia.

Niliuliza: "Mzee, na pale panapogoma?"

Akajibu: "Panapogoma naacha. Nauza kama ilivyo. Wako wanunuzi wanaopokea shaba na alumini zikiwa pamoja. Bei ni ndogo kuliko shaba safi, lakini ni kubwa kuliko alumini. Sasa kwa nini niwashe moto?"

Nyaya nazo ni hivyo hivyo. Waya mnene hupasuliwa ganda lake kwa kisu, kwa urefu, huku ukisukuma kisu mbali na mwili wako. Wengine hupigilia wembe kwenye ubao na kuvuta waya juu yake. Waya mwembamba sana ambao hauchuniki, uza pamoja na ganda lake.

MOTO UNAHARIBU MALI

Wako wanaosema kuchoma ni haraka. Ni kweli ni haraka. Lakini angalia.

Alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Moto mkali wa matairi waweza kuyeyusha vile vibati vyembamba. Vikiyeyuka hugandia kwenye shaba. Hapo umepoteza alumini yako na umeichafua shaba yako. Tena shaba iliyoungua huwa nyeusi, na mnunuzi hupunguza bei. Kwa hiyo mchomaji hupata hasara mara mbili. Hasara ya tatu ni ya afya.

MOSHI HUO UNA NINI?

Ganda la nyaya nyingi ni plastiki iitwayo PVC. Ndani yake mna klorini. Likiungua hutoa hewa yenye asidi. Hewa hiyo huwasha macho, koo na mapafu. Mwenye pumu hubanwa. Mtoto mdogo huumia zaidi, kwa sababu mapafu yake bado yanakua na yeye hupumua haraka kuliko mtu mzima.

Kuna kingine kisichowasha wala kunuka. Kinaitwa dioksini. Ni sumu inayotengenezeka plastiki ya namna hii inapoungua, na shaba yenyewe huisaidia kutengenezeka. Dioksini haiishi moshi unapotoweka. Huanguka juu ya majani na udongo. Ng'ombe hula majani, kuku huchakura udongo. Sisi tunakula mayai, nyama na maziwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayoingia mwilini mwa watu hupitia chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Yaweza kuleta saratani, kudhuru uzazi na kupunguza kinga ya mwili.

Nchini Ghana, katika mji wa Accra, palikuwa na mahali paitwapo Agbogbloshie. Vijana walichoma nyaya huko kwa miaka mingi kupata shaba. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba mayai ya kuku waliochakura hapo yalipimwa na kukutwa na dioksini nyingi sana. Mwaka 2021 serikali ilibomoa eneo hilo. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka kuku wa nyuma ya jiko la kijijini kwetu.

RISASI: SUMU ISIYO NA HARUFU

Katika vyuma chakavu kuna metali nyingine ya hatari kuliko zote tulizozitaja. Ni risasi. Imo ndani ya betri za magari na za umeme wa jua. Imo katika lehemu ya redio za zamani. Imo katika lehemu iliyounga rejeta za zamani za shaba. Rejeta nyingi mpya ni za alumini na plastiki, lakini za zamani bado zinaletwa.

Mtu akiyeyusha lehemu ya rejeta ili apate shaba, au akivunja betri, vumbi na mvuke wa risasi humwingia kwa pumzi na kwa mikono. Huingia pia kwa watoto wake kwa njia ya nguo zake.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Mtoto huwa mzito wa kuelewa darasani, na baba humchapa akidhani ni mvivu. Mama mjamzito humpa mtoto risasi akiwa bado tumboni. Risasi hukaa ndani ya mifupa kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Dalili zake hudanganya. Mara nyingi hakuna dalili kabisa. Pengine ni tumbo kuuma, choo kigumu, uchovu, kuumwa kichwa na upungufu wa damu. Ikizidi sana, mtoto hupata degedege. Dalili hizi zafanana na za minyoo na za malaria. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukija zahanati mwambie mganga: "Mimi nafanya kazi ya vyuma chakavu." Au: "Nyumbani kwetu tunachoma nyaya." Usingoje aulize. Mimi sikuuliza.

Tuangalie jirani zetu wa Kenya. Karibu na Mombasa kuna makazi yaitwayo Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kando ya nyumba za watu mpaka mwaka 2014. Watoto waliugua. Mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani hapo, Bi. Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake amedhurika kwa risasi. Aliwakusanya wananchi wakadai haki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wananchi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ilikatiwa rufaa, ikafika Mahakama ya Juu, na mwezi Desemba 2024 Mahakama hiyo ikaurudisha uamuzi ule. Haki ilipatikana, lakini ilikuja baada ya watoto kuumia. Heri sisi tujikinge mapema.

HABARI ZA SUFURIA

Alumini chakavu huyeyushwa na mafundi na kumiminwa kuwa sufuria, mikebe na miiko. Ni kazi nzuri na yenye manufaa kwa wananchi. Lakini kile fundi anachotia katika chungu cha kuyeyushia ndicho kinachotoka. Akitia alumini safi, sufuria ni ya alumini. Akitia vipande vyenye lehemu na uchafu wa mota, risasi nayo huingia katika sufuria. Kisha mama anapika mchuzi wenye ndimu au nyanya. Vitu vichachu huitoa risasi na kuileta kwenye sahani.

Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini vya kupikia kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo. Karibu theluthi moja ya vyombo hivyo ilikuwa na hatari ya risasi. Basi anayetenga vizuri anamlinda pia mpishi asiyemjua.

NJIA ZA KUJIKINGA

Haya ndiyo yafaayo kufuatwa na kila mwenye kazi hii, awe Kariakoo au kijijini.

1. Usichome nyaya, viyoyozi wala plastiki. Tenga kwa mkono. Kinachogoma, kiuze kama kilivyo.

2. Usivunje betri. Usimwage maji yake. Iuze ikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali.

3. Fanya kazi mbali na jiko, kisima, zizi na mahali watoto wanapochezea. Mtoto asipewe kazi hii, hata ya kuokota vipande.

4. Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wasishike kazi hii.

5. Vaa glavu, miwani na viatu. Usile wala usivute sigara mikono ikiwa michafu.

6. Ukimaliza, nawa mikono na uso kwa sabuni. Badili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Fua nguo za kazi peke yake.

7. Kula chakula chenye madini ya chuma na chokaa, kama mchicha, maharage, dagaa na maziwa. Tumbo lenye chakula hicho hupokea risasi kidogo kuliko tumbo tupu. Lakini chakula si dawa ya kumruhusu mtu kuchoma.

8. Usinunue nyaya za umeme wa umma, za reli wala mita za maji. Huo ni wizi wa mali ya wananchi. Tena waya wenye umeme huua hapo hapo. Biashara ya vyuma chakavu ina kibali chake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004. Mwulize afisa mazingira wa halmashauri yako.

HUDUMA YA KWANZA

Akikatwa na kibati: osha kidonda kwa maji safi na sabuni, bana kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, kisha nenda zahanati ukaulizie chanjo ya pepopunda.

Akiungua: mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Mpeleke zahanati.

Asidi ya betri ikiingia jichoni: osha jicho kwa maji mengi safi, dakika 20 au zaidi, huku limefunguliwa. Kisha mkimbize hospitali.

Akivuta moshi na kubanwa: mtoe kwenye hewa safi, mlegezee nguo, mkalishe. Asipopata nafuu mara moja, mpeleke kwa mganga.

TULIVYOFANYA KIJIJINI

Niliporudi nilikwenda kwa yule kijana. Safari hii nilikuwa na jibu. Nilimwambia yote ya mzee wa Gerezani. Mwanzoni hakuamini. Akasema: "Dokta, kisu kitanichukua siku nzima kwa kazi ya saa moja."

Nikamwambia tupime. Tulichukua mafungu mawili ya nyaya ya uzito mmoja. Moja alilichuna kwa kisu chini ya mwembe. Lingine lilikuwa limekwisha chomwa wiki iliyopita. Akapeleka yote mjini. Aliporudi alisema shaba iliyochunwa ililipwa zaidi. Kazi ni ndefu, hilo hakulificha. Lakini aliongeza kwamba sasa anachuna akiwa amekaa na wenzake wanazungumza, na hakohoi.

Lile duara jeusi alilifunika kwa udongo mpya na kulizungushia miba, kuku wasifike. Betri mbili alizokuwa nazo alizitoa chini ya kitanda akaziweka mbali kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mpaka siku ya kuziuza zikiwa nzima.

Mtoto? Bado anakuja zahanati, kwa malaria na kwa kupimwa uzito, kama watoto wengine. Kwa kikohozi kile hajaletwa tena. Kama kuna sumu iliyobaki mwilini mwake, mimi sina chombo cha kuipima hapa zahanati. Kwa hiyo nimemwandikia mama barua ya rufaa aende naye hospitali kubwa. Na siku hizi, kila mtoto anayekohoa akiletwa kwangu, swali langu la kwanza ni hili: "Nyumbani mnachoma nini?"

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chetu, nani wanafanya kazi ya vyuma chakavu? Wanaifanyia wapi?

2. Sumaku haishiki shaba wala alumini. Utazitambuaje?

3. Una kilo 20 za vitu vilivyochanganyika: shaba kilo 5 na alumini kilo 15. Tumia mafungu tuliyoyatumia hapo juu. Ukitenga utapata mafungu mangapi? Usipotenga?

4. Kwa nini kuku wa mahali panapochomwa nyaya ni hatari kwa mlaji?

5. Tufanye nini ili kijana apate riziki yake na mtoto wa jirani apumue hewa safi?